Ukumbi Uliomngoja Mgeni

Hapo zamani, katika mji wa Mtangavu, Sultani alitia muhuri hati moja fupi, na mimi niliyeisikia habari hii mara nyingi na kwa vinywa vingi sijapata kujua kama aliisoma kwanza. Wako wasemao aliisoma nusu, akachoka. Wako wasemao aliisoma yote, akatabasamu, ndipo akagonga muhuri. Nimewauliza wazee, nimewauliza wasomi, na kila mmoja ana jibu lake lakini ushahidi hana. Basi nitaisimulia kama ilivyonifikia, na fumbo hilo nitaliacha palepale nilipolikuta.

Sultani huyo aliitwa Mwinyi Madi, mtu wa moyo mwema na masikio mepesi. Siku moja akaletewa habari kwamba sultani jirani amejenga nyumba ya utamaduni, watu hukutana humo wakaimba, wakatoleana hadithi, wakacheza ngoma, na sifa zake zimeenea kila bandari. Ikawa Mwinyi Madi hali wala halali. Akaagiza mafundi watatu wa michoro kutoka nchi za mbali, nao wakaja na karatasi zilizoviringwa kama mikeka.

Wa kwanza alikuwa amechora kuba kubwa mno hata mikoko ya ghuba nzima isingelitosha kwa boriti zake. Wa pili alichora nyumba juu ya ngazi mia, ili, kwa maneno yake mwenyewe, utamaduni utazamwe kwa kuinua shingo. Wa tatu alichora nyumba ya vioo vitupu, akaeleza kwamba joto la ndani litaondolewa na wapepeaji themanini watakaosimama mahali wasipoonekana. Na wote watatu, ambao hawakuwa wakipatana hata juu ya saa ya kula, walipatana kwa jambo moja: nyumba isimame katika Uwanja wa Mikungu, na miti yote ya mikungu ikatwe.

Sasa uwanja huo, chini ya kivuli cha mikungu hiyo, ndipo watu wa Mtangavu walipokuwa wakiimba, wakitoleana hadithi na kucheza ngoma.

Waziri Muhyidini akasema, "Maulana, watu wataondolewa uwanjani kwa muda tu, hata nyumba yao ikamilike."

"Muda gani?"

"Miaka kumi na miwili, Maulana. Mafundi wakijitahidi."

Hapo mtu akacheka. Watu wakageuka, wakamwona Kidawa binti Ngwali amesimama mlangoni. Kidawa hakuwa na shamba wala mbuzi, alikuwa na nguo mbili na ulimi mmoja, na kazi yake ilikuwa kualika. Mtu akiwa na harusi au hitima, humtuma Kidawa apite nyumba kwa nyumba na kulitaja jina la mwenye shughuli mara tatu kizingitini. Na desturi ya mji ule ilikuwa kwamba jina likishatajwa mara tatu, mwaliko haurudi. Aliyemfukuza mgeni aliyealikwa kwa jina lake, watoto wake hawakuozwa wala yeye hakuzikwa na watu wengi. Siku ile Kidawa alikuwa amekuja kumwalika mke wa Sultani harusini.

Sultani akamwuliza, "Unacheka nini, ewe mwanamke?"

"Nisamehe, Maulana. Mimi kazi yangu ni kualika. Nimetazama michoro mitatu, nikajiuliza nitamwalika nani humo. Mzee Shekue mwenye goti bovu nimwambie apande ngazi mia? Akifika juu, ngoma itakuwa imekwisha, na yeye pia."

Walinzi wakainamisha nyuso wasionekane wakicheka. Hata Faki, mshika funguo wa jumba la Sultani, alitikisika mpaka funguo zake kumi na mbili zikalia kiunoni.

Sultani akaona haya, na haya ikageuka hasira. Akasema, "Vema. Nyumba hiyo utanionyesha wewe. Usikate mti hata mmoja, usichimbe jiwe hata moja. Ndani yake pawe baridi saa ya adhuhuri pasipo mpepeaji. Na asiwepo mtu wa mji huu atakayesema hakukaribishwa. Nakupa siku arobaini. Ukishindwa utahama Mtangavu, na asubuhi yake shoka litaingia kwenye mikungu."

Kidawa akainama. "Nimesikia na nimetii. Lakini nisipokata wala kuchimba, Maulana, naomba hati: kwamba mbao zilizokwisha kukatwa na mawe yaliyokwisha kuchimbwa niyatumie popote yalipo katika mji huu, na mlango wowote umzuiao mtu niung'oe, asinizuie askari. Na mwaliko niutoe kwa jina lako."

Waziri akamwinamia Sultani sikioni. "Mpe, Maulana. Ataokota mbao zilizooza ufukweni, atatuchekesha mwezi mzima." Basi hati ikaandikwa, na muhuri ukagongwa. Hapo ndipo penye fumbo langu.

Siku ya pili watu wakamwona Kidawa anazunguka mjini na kamba mkononi. Hakuita fundi wala hakuokota ubao. Alikaa barazani pa kila nyumba akauliza swali lilelile: "Mahali palipoalikwa watu wote, wewe ni kitu gani kilichokuzuia kwenda?" Akijibiwa, alipiga fundo katika kamba yake.

Mzee Shekue akamwambia, "Ngazi, mwanangu. Mimi nikiona ngazi narudi kulala."

Mize, aliyekuwa na mtoto kifuani, akasema, "Pa kunyonyeshea hapana. Mtoto akilia nageukiwa kama nimeiba."

Sadala hamali akasema, "Mie huzuiwa na macho ya mlinzi, dada. Hayatazami uso wangu, yanatazama miguu."

"Na ukipita mlinzi?"

"Sijapata kumpita, nikajua kilicho ndani."

Watu wakamdhihaki. "Shoga, nyumba unaijenga kwa kamba? Tukae kwenye mafundo?" Na wengine waliopenda mikungu wakaingiwa na hofu, wakaanza kwenda kukaa chini yake kila alasiri kama watu waagao. Naye Kidawa akawajibu, "Kaeni. Mimi bado nasikiliza."

Siku thelathini na tisa zikaisha hivyo. Waziri akawaambia mafundi watatu wanoe shoka.

Siku ya arobaini, jua lilipochomoza, Kidawa akaenda na Sadala na mahamali wenzake sita hadi upande wa mashariki wa jumba la Sultani, uliokuwa na Ukumbi wa Mgeni. Ukumbi huo aliujenga babu yake Mwinyi Madi, kwa kuwa aliambiwa mfalme mkubwa anakuja kumzuru. Mfalme hakuja. Basi ukafungwa kwa funguo kumi na mbili, madirisha yakapigiliwa mbao, ili mgeni atakapokuja asikute umechafuliwa na wageni.

Faki akasimama mlangoni. "Kidawa, hapa hapapiti mtu. Ukumbi huu unamngoja mgeni."

"Tangu lini, kaka Faki?"

"Tangu babu yangu alipokuwa mshika funguo."

"Na wewe, ndani umewahi kukaa?"

Faki akazitazama funguo zake. "Mimi hufungua kufuli nizipake mafuta, nikafunga."

Kidawa akampa hati. Faki akaisoma, akautazama muhuri, akaisoma tena. Kisha akaanza kufungua, kufuli moja baada ya jingine, hata la kumi na mbili.

Mahamali wakaing'oa milango miwili ya msaji, mizito, yenye misumari ya shaba. Kidawa akatazama ngazi saba za mbele, akafungua fundo la kwanza la kamba yake, akaamuru milango ilazwe juu ya ngazi zile. Ikawa mteremko mpana ambao mzee angeupanda kwa mkongojo na hamali kwa mzigo. Mbao za madirishani zikang'olewa, zikawa mabenchi, na mabenchi mawili yakawekwa katika pembe tulivu nyuma ya pazia kwa ajili ya wanaonyonyesha; na kwa kila kizuizi kilichoondoka, Kidawa alifungua fundo. Na madirisha yalipofunguka, upepo ukaingia juu ukatokea upande wa pili, kwa maana wajenzi wa zamani waliijua kazi yao, na kuta zile za matumbawe zilikuwa nene kuliko urefu wa mkono.

Kidawa akaenda kualika. Kizingiti kwa kizingiti, mara tatu: "Mwinyi Madi anakualika Ukumbini kwake adhuhuri hii. Uje ulivyo."

Sultani aliposhuka kwa ajili ya makelele, alikuta mji mzima. Mzee Shekue alikuwa anatoa hadithi, wanawake wanaimba, ngoma zinapashwa moto.

Waziri akapiga kelele, "Watimuliwe!"

Sultani akainua mkono. "Wamealikwa kwa jina la nani?"

"Kwa jina lako, Maulana," Kidawa akajibu. "Mara tatu kila mlango."

Waziri akarudi nyuma, maana aliijua desturi. Sultani akasema kwa ukali, "Mimi nilitaka nyumba mpya!"

"Maulana alitaja masharti manne, na upya haukuwamo. Je, kuna mti uliokatwa?"

"Hapana."

"Jiwe lililochimbwa?"

"Hapana."

"Na paji lako la uso, Maulana?"

Sultani akajipapasa. Lilikuwa kavu, na ilikuwa adhuhuri.

Waziri akaruka. "Sharti la nne! Asiwepo asiyekaribishwa. Maulana mwenyewe hakualikwa! Umeshindwa, mwanamke!"

Waliokuwa wakipenda mikungu wakashika vichwa. Kidawa akaonyesha kamba yake, iliyokuwa imebaki na fundo moja.

"Ni kweli. Nyumba yake nimeiacha ya mwisho, kwa kuwa huyu alizuiwa na kitu kigumu kuliko vyote: yeye ndiye aliyekuwa na ufunguo." Akalifungua fundo, akasimama palipokuwa na kizingiti, akalitaja jina la Sultani mara tatu, akasema, "Karibu, Maulana. Iko nafasi pale, karibu na Sadala."

 Mwinyi Madi akavua viatu, akapanda juu ya milango ya babu yake, akaketi mkekani, goti lake likigusana na goti la hamali. Akautazama mfumo wa dari, ambao hakupata kuuona tangu azaliwe, akaanza kucheka, akacheka hata machozi yakamtoka. "Miaka yote hii," akasema, "tulikuwa tukimngoja nani?"

Ikaamuliwa siku ile ile kwamba mikungu isiguswe, na Kidawa alipwe posho ya ualikaji na hazina ya Sultani hadi mwisho wa maisha yake. Mafundi watatu wakarudishwa kwao kwa heshima, na michoro yao ikabaki, maana wapishi waliona karatasi zile zinapepea moto vizuri. Milango isirudishwe mahali pake, ipigiliwe palepale juu ya ngazi. Na aliyepewa kazi ya kuipigilia ni Faki mshika funguo, akaifanya kwa mikono yake, msumari baada ya msumari, mpaka jioni.

Alipomaliza akauliza afanye nini na funguo. Kidawa akamwambia atembee nazo. Tangu hapo, siku ya hadithi au ngoma, Faki alipita mitaani akizitikisa, na watu waliposikia funguo zinalia, walijifunga nguo wakatoka.