Soda ya Wageni

Wapendwa, msisinzie, maana leo nawapeleka kiwandani. Mimi mtumishi wenu nimekunywa soda za miji mingi, kuanzia Tanga hadi Lubumbashi, na ushahidi mnauona hapa, mkanda unapoomba msaada. Lakini mji ninaousema ulikuwa na soda yake wenyewe ya tangawizi, na watu wake waliipenda kuliko timu yao ya mpira.

Basi, mjini hapo aliishi mama mmoja mjane, maarufu kwa ukarimu. Mgeni hatoki kwake bila soda ile. Kreti ilikaa chini ya kitanda mwaka mzima. Siku moja wakaja watu kumposa binti yake. Mama akafungua chupa, pshaa! Mshenga akapiga funda moja, akakunja uso, akairudisha mezani. Ikabaki nusu mpaka wanaaga.

Nusu! Mbele ya watu wa posa!

"Mama, usinielewe vibaya," mshenga akasema mlangoni. "Soda hii wameibadilisha. Siyo ile."

Kumbe kweli! Kiwanda kilikuwa kimebadilisha mchanganyiko kimyakimya. Asubuhi yake mama akatoka na sufuria na mwiko, anagonga: "Wametuharibia soda yetu! Wameniaibisha nyumbani kwangu!" Anafika sokoni, wako kumi. Anapita stendi, wako mia. Kufika kiwandani, hapana pa kukanyaga. "Turudishieni tangawizi! Turudishieni tangawizi!" Hata mlinzi wa geti alikuwa anaitikia.

Meneja akatoka, shati limelowa jasho. "Jamani, mbona mimi niliambiwa hamtaona tofauti?"

"Tusione? Sisi?" Mama akamsogelea. "Mwanangu, soda hii nimeinunua miaka ishirini na miwili. Wewe ulikuwa bado unabebwa mgongoni!"

"Haya, mama. Nakuletea vikombe viwili, kimoja kina ya zamani, kimoja kina mpya. Ukiitambua ya zamani, kesho tunarudi kwenye ile ile. Ukikosa, mniache nifanye kazi."

"Leta!"

Vigelegele! Mama akanywa kikombe cha kwanza. Tamu. Akanywa cha pili. Tamu nayo. Akarudia cha kwanza. Akaitafuta kichwani ladha ile ya zamani, na kila alipoitafuta aliona uso wa mgeni akishusha pumzi na kusema asante. Yeye mwenyewe aliionja lini? Siku ya harusi yake, funda moja tu, tena kwa kuogopa kuharibu rangi ya mdomo.

"Mama, waambie!" umati unapiga kelele. "Waambie hao!"

Akafumba macho, akanyoosha kidole. "Hiki! Hiki ndicho chetu!"

Kofia zikaruka juu. Watu wakakumbatiana. Meneja akakiinua kile kikombe wote wakione kitako chake, na pale palikuwa pameandikwa: MPYA.

Watu wakaanza kuokota kofia zao.

"Mama," meneja akasema kwa upole, maana naye ana mama, "miaka yote hiyo, umeinywa mara ngapi?"

"Mimi?" Mama akageuka kuwatazama wenzake. Kila mtu alikuwa anaangalia viatu vyake. "Mwanangu... ile ni ya wageni."

Mnacheka! Chekeni, lakini tujiulize: sisi hatuna kreti chini ya kitanda? Msamaha tunao, tena wa baridi kabisa, ila ni wa wageni. Jirani akigombana na nduguye tunakimbia: "Mwenzangu, samehe, yaishe." Mimi mwenyewe nimehubiri uvumilivu katika nchi tano, na basi likichelewa nusu saa, muulizeni mke wangu anavyonishika shati. Na mtu akithubutu kubadilisha ubeti mmoja wa nyimbo zetu, nani wa kwanza getini na sufuria? Sisi! Tunailinda kwa kelele imani ambayo ulimi wetu hauijui. Siku ya kupimwa, si tutanyoosha kidole popote?

Ndugu yangu, yupo mtu hujasema naye siku nyingi. Usigeuke kumtazama aliyekaa pembeni yako, jina limeshakujia. Kabla hujammiminia mwingine msamaha, kunywa wewe. Ibada ikiisha, usipitie nyumbani kwako. Pitia kwake.