Sange, Mamba na Mtandao Ulioganda

Hadithi, hadithi!

— Ije!

Ije na nini?

— Ije na pua, ije na mkia!

Basi sogeeni. Anayesinzia asimwegemee mwenzake.

Hapo zamani za karibuni aliishi Sange, yule mnyama mdogo mwenye pua ndefu isiyotulia. Kazi yake ilikuwa ukunga. Watoto wa digidigi, watoto wa ngedere, hata wa nungunungu na miiba yao, wote aliwapokea yeye. Nyumba yake iliungana ukuta na ya Mamba, na waya wa umeme ulikuwa mmoja kwa wote wawili.

Mamba alikuwa na friza kubwa kama jeneza la tembo, imejaa samaki pomoni. Alisema samaki wote wa mtoni ni wake. Nani wa kubisha, na meno yote ya mtoni yalikuwa yake pia?

Siku moja mto ukafurika. Daraja likaenda na maji. Mnara wa simu ukaanguka, pwaa! Na siku hiyohiyo, ng'ambo ya mto, Tunu binti Sange akashikwa na uchungu wa mimba yake ya kwanza. Njia iliyobaki ya kumfikia ilikuwa moja tu: mtandao wa waya uliopita chini ya ardhi na kutokea kwenye ruta, kile kisanduku chenye taa, sebuleni kwa Sange.

Sange akapiga. Uso wa mkwewe, mume wa Tunu, ukatokea kwenye simu, jasho linamtiririka.

"Mama, naona miguu! Sioni kichwa, naona miguu!"

Moyo wa Sange ukadunda, ndu, ndu, ndu. Mtoto anayetanguliza miguu havutwi. Ukimvuta, mikono inapanda juu na kichwa kinanasa.

"Mkwe wangu, nisikilize vizuri. Usi—"

Tik! Taa za ruta zikafa.

Sange akaichomoa, akaichomeka. Taa nyekundu. Ikapepesa, ikapepesa. Taa kijani.

"Mama, umesema nimvute?"

"Hapana! Usi—"

Tik!

Akabadilisha waya. Taa nyekundu. Taa kijani.

"Mama, nishike wapi? Tunu anachoka!"

Tik!

Akaipandisha juu ya kabati. Akaipuliza vumbi, fuu! Akaigeuza huku, akaigeuza kule. Nyekundu. Kijani. Tik! Machozi yakamlengalenga. Akaona mikono ya mkwewe, mikubwa, yenye haraka, isiyojua.

Akajilazimisha kukaa kitako, akasikiliza. Ruta ikawaka. Kijani. Ndipo nyuma ya ukuta akasikia: ngrrrrrr! Taa ya dari ikafifia. Tik! Ruta ikazima.

"Kumbe mgonjwa si ruta," akasema. "Kila friza ya Mamba ikiamka, inameza umeme, na huyu maskini anazirai."

Akatoka mbio, chapu chapu, hadi kwa Mamba. Mamba alikuwa amejilaza na simu yake, akitazama video za watu wanaokula, kwa mtandao uleule wa ruta ya Sange uliopenya ukutani.

"Bwana Mamba, nakuomba kwa heshima. Zima friza kidogo. Mwanangu anajifungua, na mtandao unakatika."

"Samaki wangu waoze kwa ajili ya mwanao?" Mamba hakuinua hata kichwa. "Rudi kwako, Sange. Humo ndani ya friza bado kuna nafasi ya mnyama wa ukubwa wako."

Ndipo Sange akaona simu ya Mamba: video imesimama, mlaji amekwama na tonge mdomoni.

"Kwani na wewe unakukatikia, jirani?"

"Sana! Kila wakifika kwenye nyama."

"Basi sitakuficha." Sange akashusha sauti. "Nimeuona unakokwenda. Unaingia ndani ya friza yako, unaganda. Sikiliza."

Wakasikiliza. Ngrrrrrr! Simu ya Mamba ikakatika.

"Umeingia!" akanong'ona Sange. "Mtandao wa kijiji kizima umo humo. Ukiyeyuka, wataugawana wote. Labda apatikane mwerevu mmoja, aipeleke friza juani peke yake, afungue kifuniko, akae kando yake kinywa wazi. Huyo ataumeza wote. Lakini asifumbe kinywa. Akifumba tu, unachoropoka."

"Wote?"

"Wote."

Mamba akang'oa plagi, fyatu! Akaiburuta friza, kokoro, kokoro, hadi kwenye mwamba wa ukingoni. Akafungua kifuniko. Akaachama.

Sange alikuwa ameshafika sebuleni. Nyekundu. Ikapepesa. Kijani. Akangoja itie tik. Haikutia.

"Mkwe! Usimvute! Umenisikia? Usimvute!"

"Nimekusikia, Mama! Nilikuwa nimeshaishika miguu!"

"Iachie! Tunu mwanangu, piga magoti, weka mikono chini. Sasa sukuma. Mkwe, mpokee tu, usimvute."

Kiuno kikashuka. Mgongo ukashuka. Bega moja, bega la pili. Kisha kichwa. Kisha kimya.

"Mama, halii."

"Chukua kitambaa. Mkaushe, msugue mgongo. Sugua, mwanangu, sugua!"

Kimya. Pua ya Sange ikatulia, pengine kwa mara ya kwanza tangu azaliwe.

Nyeeee!

Sange akaikumbatia ruta, akalia kama mtoto mwenyewe.

Na kule mwambani samaki waliyeyuka. Kunguru wakaja, mwewe wakaja, korongo wakaja na wakwe zao, wakala wakashiba. Mamba aliwaona wote. Angewafukuzaje, na kinywa hakipaswi kufumbwa? Hadi leo ukipita mtoni utamkuta juani, kaachama, anangoja mtandao uyeyuke.

Hadithi naitua hapa. Mwenye mabega na aibebe. Na funzo lake, watoto, ni hili: mwenye tamaa hunaswa na tamaa yake mwenyewe. Jirani akikukosesha raha, mwombe kwanza kwa upole; asipokuelewa, tumia akili.