Mgeni Mpe Kiti, Waya Usimpe

Mgeni mpe kiti, waya usimpe. Mmemsikia fundi akimwambia hivyo dada wa mapokezi, aliyetaka kufungua programu aliyoletewa na shemeji yake, nanyi mkacheka. Mimi sikucheka. Methali hii ilianza hivi, katika hospitali nilikotunza kumbukumbu za wagonjwa kwa miaka ishirini na sita.

Makaratasi tulikuwa tumeshayaacha. Habari zote za mgonjwa zilikuwa ndani ya kompyuta, hata dawa ambayo mwili wake unaikataa. Fundi wetu, Luambano, alikuwa na kompyuta moja kuukuu ndani ya stoo ya mashuka, isiyounganishwa na nyingine yoyote. Programu iliyotoka nje ilikaa humo kwanza siku saba. Aliilisha majina ya wagonjwa wa kubuni, akaitazama inafanya nini. Ikiharibu, imeharibu stoo tu. Tulimtania kwamba anaziweka karantini kama ng'ombe wa mnadani, naye akicheka tu na kuendelea na kazi.

Siku moja akaja Mwalimu Haule. Huyu ndiye aliyemchukua Luambano akamlea nyumbani kwake alipofiwa na wazazi. Alileta programu ya kupanga foleni ya wagonjwa, aliyopewa na rafiki yake mjini, akaitoa zawadi kwa hospitali. Tukampa kiti, tukamletea chai. Kisha akaona zawadi yake inapelekwa wapi.

"Luambano, mwanangu, zawadi yangu unaiweka stoo?"

"Ndio utaratibu wetu, Mwalimu. Siku saba tu."

"Nilipokupokea kwangu, nilikulaza uani siku saba nikutazame kwanza?"

Luambano akainamisha kichwa. Nami, Mungu anisamehe, nikachochea: "Ni mzazi wako huyo, Luambano. Usimwaibishe mbele za watu."

Luambano akavuta waya wa mtandao wa hospitali kutoka ukumbini, ili programu ianze kazi siku ile ile, akaupitisha chini ya mlango, akauchomeka kwenye ile kompyuta ya stoo. "Bado imo stoo," alisema, kama mtu anayejituliza, "na ufunguo ninao mimi." Akafunga kufuli. Kufuli lilizuia watu, lakini programu haikuwa na haja ya mlango.

Kesho yake asubuhi, kila kompyuta ya hospitali ilionyesha maneno yale yale: mafaili yamefungwa. Mimi na Luambano tulikuwa stoo tukihangaika majirani walipomleta wodini Sekunda, muuza mboga, ana homa kali na hajitambui. Katika faili lake nilikuwa nimeandika mimi mwenyewe, kwa herufi kubwa, kwamba asichomwe penisilini. Muuguzi alijaribu kulifungua, akashindwa. Aliwauliza majirani, nao hawakujua lolote. Alisubiri, mgonjwa akizidi kuzama, mwisho akamchoma ile sindano ambayo angemchoma mtu yeyote mwenye homa ile. Kabla ya saa sita mchana Sekunda alikuwa amefariki. Aliacha watoto wawili, mdogo alikuwa bado ananyonya.

Sijawahi kuona aibu kama ya siku ile ya mazishi. Luambano alisimama nyuma kabisa, hakuthubutu kumtazama mume wa marehemu. Mwalimu Haule, ambaye kweli hakujua zawadi yake ilibeba nini, aliomba ruhusa ya kusema.

"Kijana huyu alinipa kiti na chai. Heshima yote niliyostahili alishanipa. Mimi nikadai zaidi, naye hakuweza kuninyima kwa sababu nilimlea. Msimlaumu peke yake."

Mume wa Sekunda alikuwa amempakata yule mtoto mdogo, na mtoto alikuwa akilia kutaka ziwa.

Mwalimu akamtazama mtoto yule. Kisha akatugeukia sisi wafanyakazi wa hospitali.

"Na kesho akija mwingine kama mimi, mwenye mvi na zawadi mkononi, hata kama ndiye aliyewalea, nawaomba: mgeni mpe kiti, waya usimpe."