Njiwa wa Baruti

Jenerali Pang aliuzingira mji wa Wenzhai, akamkamata Shuang, mfuga njiwa, akitoka langoni na kapu la mayai ya njiwa.

"Njiwa wako wakitoka kwenye mayai haya na kukua, nitawafunga baruti yenye utambi, warudi kwao wauchome mji. Ukikataa nakukata kichwa."

"Sikatai, bwana mkubwa. Njiwa hurudi alikoanguliwa."

"Na mayai haya ni ya mjini?"

"Ya mjini kabisa. Yanataka tu mahali pakavu."

Pang akampa jengo kavu kuliko yote kambini.

Mayai yakaanguliwa humo, na miezi miwili baadaye njiwa waliachiwa, tambi zikiwaka. Wakazunguka juu ya kambi, wakashuka.

"Mbona hawaendi kwao?" Pang aliuliza.

"Wameshafika," alisema Shuang, akiwa tayari amejilaza mtaroni. "Si ulinipa ghala la baruti?"