Kicheche na Kibuyu cha Shinda-Yote

Ngano yangu yaja!
— Ije, tumeitandikia mkeka.
Yaja na wenyewe!
— Wapite, wakae, waseme.

Hapo kale, kale ya kale, wanyama walipokuwa wakiuguzana wenyewe kwa wenyewe, alitokea Kicheche na kibuyu begani. Nasema Kicheche, wala si Nguchiro, watu huwachanganya. Alipita kila pori akiimba:

"Shinda-Yote, Shinda-Yote,
jino, jicho, tumbo, mgongo,
Shinda-Yote, Shinda-Yote."

Malipo yake yalikuwa yai moja.

Katika pori moja aliishi Kanga na binti yake, Kitone. Kiotani yalikuwamo mayai matatu yakingoja kuanguliwa. Siku moja Kitone akaacha kula. Akakohoa, akakonda, shingo ikawa kama ujiti.

Kakakuona, jirani yao, akabisha hodi. "Mama Kitone, nasikia mtoto hawezi. Naomba nimtazame."

Lakini Kicheche alikuwa amekwisha kufika. Akacheka. "Mla mchwa, kichuguu chako kinakungoja. Hapa yupo mganga."

Kakakuona akaenda zake.

Kicheche akamimina dawa. Hakuuliza neno. Kitone akanywa, akakohoa. Kicheche akachukua yai, akaenda.

Kulipokucha mtoto hakuwa na nafuu. Kanga akamwita tena mganga.

"Ile ilikuwa Shinda-Yote," Kicheche akasema. "Ugonjwa huu wataka Baba wa Shinda-Yote."

Akamimina kutoka kibuyu kilekile. Kitone akanywa, akakohoa. Kicheche akachukua yai la pili, akaenda.

Kulipokucha Kitone hakuweza kusimama. Kanga akamwita mganga mara ya tatu.

"Baba naye ameshindwa," Kanga akasema.

"Basi tumwite Babu wa Shinda-Yote."

"Bwana mganga, limebaki yai moja. Na lile ni mtoto wangu."

"Na huyu anayekohoa si mtoto wako?"

Kanga akafumba macho, akatoa yai. Kitone akanywa, akakohoa.

Safari hii Kicheche hakungoja kufika kwake. Palepale mlangoni akalitia yai lote mdomoni, pamoja na ganda lake. Ganda likavunjika, kipande kikamkwama kooni. Macho yakamtoka.

Kanga akamletea kibuyu. "Kunywa, bwana mganga. Babu huyu hapa."

Kicheche akatikisa kichwa.

"Kunywa. Jino, jicho, tumbo, mgongo."

"Mama Kitone," akasema kwa sauti ya kukwaruza, "mimi naumwa hapa." Akagusa koo. "Hapa tu. Niitie Kakakuona, ana ulimi mrefu."

Kanga akamtazama. Mara tatu alikuwa ametoa yai, na hakuna aliyemwuliza mtoto wake anaumwa wapi. Hata yeye mama yake hakumwuliza. Akageuka.

"Mwanangu, unaumwa wapi?"

Kitone akanyoosha shingo. "Hapa, mama. Tangu nilipodonoa kwenye mbigili."

Kanga akakimbia kumwita Kakakuona. Naye akaja bila kinyongo.

"Nani alitangulia kuugua?" akauliza.

"Mtoto."

"Basi Kicheche atangoja."

Kitone akafungua mdomo. Ulimi mwembamba, wenye kunata, ukaingia polepole, ukatoka na mwiba wa mbigili. Kitone akameza mate, akapumua, akaomba mtama.

Kakakuona akamgeukia Kicheche. "Sasa wewe. Kwanza taja dawa yako, kwa jina lake la kweli."

"Maji ya dimbwi," Kicheche akanong'ona. "Na majani yaliyooza."

"Hilo ndilo jina." Ulimi ukaingia, ukatoka na ganda.

Kicheche akataka kutoroka, lakini Kanga alikuwa mlangoni na kibuyu mkononi. Akakimimina chote mgongoni pake.

"Dawa yako hiyo. Usituachie."

Kicheche ameoga mito yote, na mpaka leo ananuka. Na Kanga, kila akidonoa, huwatazama watoto wake shingoni, mmoja mmoja.

Ndiyo sababu mgonjwa akiletwa, wazee huanza kwa kumwuliza: unaumwa wapi? Jina kubwa la dawa halitoi mwiba kooni. Mwenye dawa moja kwa kila ugonjwa hana haja na mgonjwa. Ana haja na yai.

Ngano yangu imefika mlangoni.
— Ifungulie, iende.
Aliyeipenda aende nayo kwake. Asiyeipenda airudishe porini.