Feni ya Gari la Kliniki

Wahenga walituonya kwamba anayeficha ugonjwa wake hujidanganya, kwa kuwa ugonjwa humla kimyakimya hadi siku ya kumwanika hadharani. Kwaku Amponsah, dereva wa kliniki ndogo kaskazini mwa Kumasi, alilijua onyo hilo. Alidhani linahusu watu peke yao.

Kwa wiki tatu gari la kliniki lilikuwa na kasoro. Likienda mwendo, lilikuwa salama salimini. Likisimama huku injini inanguruma, mshale wa joto ulipanda kama nyoka apandaye mti. Amponsah hakumwambia mtu. Dereva aliyemtangulia alifukuzwa kwa kuunguza injini, na yeye Amponsah alikuwa na watoto wanne wa kulisha. Basi akawa anazima injini kila aliposimama, na kuongeza maji kabla wenzake hawajafika kazini. Sista Konadu, mkunga mkuu, alipomuuliza kama gari ni zima, alijibu, "Zima kama chuma, Sista."

Ijumaa moja saa saba mchana, Dufie, mjamzito wa mimba ya kwanza, aliletwa kliniki akivuja damu. Konadu alimlaza nyuma ya gari na kupanda naye.

"Hospitali kubwa, Kwaku! Kimbiza!"

Gari lilikimbia vizuri hadi Suame, pale mafundi wamejazana kando ya barabara kama siafu. Hapo foleni ikawakaba. Mbele magari, nyuma magari, na jua la utosi.

Amponsah aliukodolea macho mshale. Ulipita katikati. Ukaendelea. Akizima injini ikiwa imeshachemka hivi, huenda isiwake tena; asipoizima, itaungua.

"Sista, nakufa?" Dufie aliuliza kwa sauti ya mtoto.

"Hufi. Nishike mkono."

Mara mvuke ukafumuka chini ya boneti, na injini ikazimika yenyewe.

"Kaka, unachemsha viazi vikuu humo?" mafundi wakamcheka. Walipoona kitenge alichofunikwa Dufie kimelowa damu, kicheko kikakatika. Fundi Adomako, mtu mfupi mwenye mikono myeusi kwa grisi, alikuja mbio. Alimkuta Amponsah akikishika kifuniko cha rejeta, akampiga kofi mkononi.

"Unataka uso ubabuke? Acha! Imeanza lini kuchemka?"

"Leo. Sasa hivi tu."

"Leo? Basi kunaweza kuwa na bomba limepasuka, au pampu ya maji. Ngoja nitafute moja moja."

Adomako akaingia uvunguni. Dakika zikapita, kila moja nzito kama jiwe la kusagia. Konadu akachungulia dirishani. "Fundi, damu haikatiki. Sina muda."

Amponsah alitazama mguu wa Dufie uliochomoza chini ya kitenge. Katika joto lile lote, ulikuwa unatetemeka kwa baridi. Akainama uvunguni kumwelekea fundi.

"Nimedanganya. Ni wiki tatu sasa. Ikitembea haichemki. Ikisimama tu ndiyo inapanda."

Adomako alichomoka uvunguni kama mshale.

"Wewe mtu! Si ungesema mwanzo? Ikikimbia, upepo unaipoza bure. Ikisimama inategemea feni, na yako haizunguki!"

Alivuta waya kutoka kwenye betri moja kwa moja hadi kwenye feni. Feni ikavuma. "Feni nzima. Swichi yake ndiyo imekufa." Waliiacha ipulize. Kisha akafungua kifuniko taratibu kwa tambara na kumimina maji kidogokidogo. Injini ikawaka kwa kukohoa.

"Feni nimeitibu," alisema Adomako, "lakini wiki tatu za kuchemka, sijui imeharibu nini ndani. Nenda, usizime!"

Mafundi wakasukuma kando mikokoteni yao iliyojaa ukingoni mwa barabara na kuwapasulia njia ya kuipita foleni. Njia nzima bomba la nyuma lilitapika moshi mweupe. Amponsah aliendesha akiomba kwa midomo isiyotoa sauti. Langoni mwa hospitali injini ikapiga kishindo, ikafa. Wauguzi walimbeba Dufie wakikimbia.

Jioni Konadu alitoka. "Mama yuko hai. Mtoto pia, ila kwa uzi mwembamba."

"Nifukuze, Sista."

"Swichi, Kwaku! Kitu kidogo kama kiberiti! Ungeniambia siku ya kwanza, ungekwenda Suame asubuhi na kurudi kabla ya chakula."

"Niliogopa."

"Na Dufie je? Yeye hakuogopa?"

Hakumfukuza. Lakini injini ilikuwa imeungua isitengenezeke, na kwa miezi miwili vijiji vinne vilibeba wagonjwa wao mabegani. Amponsah alisimama mbele ya wanakijiji na kueleza kwa mdomo wake kwa nini hawana gari. Hakuna aliyemzomea, na hilo lilimchoma kuliko matusi. Kweli, mficha maradhi, kifo humfichua.