Chungu cha Mtemi na Maji Yaliyojificha

Soma hii mpaka mwisho, hasa wewe unayejifanya unajua kila kitu, kisha mrushie mbishi mwenzako.

Palikuwa na mfinyanzi aitwaye Nyamizi. Hapakuwa na mkono kama wake kwa udongo, na mwenyewe hakuchoka kuwatangazia watu. Masika moja mumewe, Mayunga, aliachia ng'ombe wakala mtama wa mtemi. Akafungwa kwenye kibanda kinachovuja.

Mtemi akamwambia Nyamizi, "Nifinyangie chungu cha pombe cha kunifika kifuani. Siku ya kukichoma, mumeo atakuja kukibeba, na kibandani harudi tena."

Chungu kikatoka kizuri ajabu. Lakini mvua haikukoma, na waliopita karibu na kibanda walirudi na habari za kikohozi cha Mayunga.

Sasa sikia. Wafinyanzi hupima chungu kwa shavu. Ukisikia ubaridi, bado kina maji. Udongo una vitundu ambavyo jicho halivioni, na maji yaliyojibana humo hayana tabia ya maji ya sufuriani. Yanang'ang'ania kuta. Jua linayaita, upepo unayaita, yenyewe kimya.

Kila asubuhi shavu la Nyamizi lilisikia ubaridi. Basi akakisogeza chungu karibu na jiko. Akapima tena: joto safi!

"Hilo ni joto la jiko, mwanangu," mama mkwe wake akamwonya. "Kilaze kivulini kwanza, ndipo upime."

"Mama, wewe ulizoea vyungu vya maharage. Hiki niachie mimi."

Mjumbe wa mtemi akafika. "Mtemi anauliza, kimekauka? Kama bado, hana haraka. Sherehe yake ya pombe imeahirishwa."

Nyamizi akakumbuka kile kikohozi. "Weka shavu mwenyewe, bwana mkubwa."

Mjumbe akaweka, akatabasamu, akaenda kumfungulia Mayunga.

Mayunga alipofika, kuni zilikuwa zimeshakolea moto. Nyamizi akashangaa: mume amenenepa!

"Na kikohozi?" akauliza.

"Kilikuwa cha mwanzoni tu. Mtemi alinionea huruma, akanihamishia jikoni kwake. Nanyweshwa uji kama mtoto." Akacheka, akainama motoni. "Ndicho hiki kilichonitoa?"

Yale maji yaliyokataa kutoka polepole yakatoka yote kwa mpigo mmoja, yamekuwa mvuke. Chungu kikalipuka. Vigae vikaruka.

Mayunga hakufa. Yaliyokwenda ni macho yake, yote mawili. Mtemi hakumfunga tena. Amfunge kipofu ili iweje?

Kidonda kilipokauka, Mayunga aliuliza swali moja tu. "Nyamizi, kile chungu kilikuwa kimekauka?"

Nyamizi akaliweka chini bakuli la uji aliokuwa akimlisha.

"Nje, mume wangu," akasema. "Nje kilikauka."

Funzo: Ukikidanganya kipimo utawadanganya watu wote, lakini moto haudanganyiki, na ukija kukuumbua hauchagui wa kumchoma.